Gari Lililochelewa Kupata Moto

Mmeniuliza mmoja mmoja, wengine kwa simu, wengine mlangoni mkiwa na sinia la chakula mkononi: Rukia, ilikuwaje usiwahi? Malindi si mbali hivyo, mmesema. Mtu akitoka asubuhi mapema anafika kisiwani Ndau jua lingali juu. Nami nimekuwa nikiwajibu kwa mkato kwamba gari lilichelewa kupata moto, na nimeziona nyuso zenu zinavyobadilika, mkidhani msiba umenivuruga akili. Basi nimeandika yote mara moja ili msinitake niyarudie. Sina nguvu ya kuyarudia.

Kwanza mjue nilikuwa nakimbilia nini. Mama yangu, Bi Esha, alikuwa mtu wa kusikia baridi. Joto ambalo linawafanya wengine walale barazani, yeye lilimkuta amejifunika leso mbili. Miaka hii ya mwisho, kila nilipokwenda Ndau kumtazama, alinishika mkono akaniambia jambo moja tu: siku yake ikifika, nimwoshe mimi, kwa maji ya moto.

"Watu hutia mai ya vuguvugu wakaona yatosha," alisema. "Wewe nitilie ya moto, mwanangu. Na mkono uwe wako."

Alinifundisha mwenyewe kuosha maiti, kwa wazee wa mtaa wetu waliotangulia, akinisahihisha nilipoharakisha. Nilimwahidi. Na mnajua kwetu wanawake hatufuati jeneza makaburini. Likishatoka mlangoni limetoka, huna pa kulifuata. Bakari ndugu yangu angeweza kuchelewa na bado akatia mchanga wake kaburini. Mimi nilikuwa na ule mlango tu.

Malindi

Bakari alinipigia simu baada ya sala ya alfajiri, mikono yangu ingali na unga wa mahamri. Huu ndio unaonilisha, mahamri na viazi vya karai, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekanda wa kutosha mtaa mzima.

"Mama metutoka," akasema. "Tutamzika alasiri. Ndoo mbio, twakungoja."

"Msimwoshe," nikamwambia.

"Hatumwoshi. Mai tutayateleka, ukifika uyakute."

Niliacha unga ukaumuka mpaka ukafurika, sijui nani aliutupa. Nikavaa buibui, nikachukua begi, nikatoka kwenda kungoja basi la Lamu ambalo hupita Malindi asubuhi. Hapo ndipo Bwana Athumani alipotoka kwake. Wengi wenu mnamfahamu: jirani yangu, mzaliwa wa mtaa wa Mkomani kule Amu, Lamu mjini, aliyefanya kazi ya udereva maisha yake yote akimwendesha tajiri mmoja, na alipostaafu akanunua kigari chake mwenyewe.

"Bi Rukia," akaniambia, "hupandi basi na msiba huu nami ni hai. Nitakupeka mwenyewe. Kutoka hapa hata mwangoni mwa mamako."

Mngemjibu nini? Mkewe alikuwa ameshafunga chakula kwenye kitambaa. Gari lilikuwa limeshafutwa vumbi. Nikamwombea dua, nikapanda.

Akawasha injini. Tukakaa. Nikadhani anasoma dua ya safari, nami nikasoma yangu. Nikamaliza. Tukaendelea kukaa.

"Ngoja ipate moto," akasema, akinionyesha kwa kidole mshale mdogo mbele yake, ule wa kupimia joto. Ulikuwa umelala chini kabisa. "Ukiiondoa na baridi yake yajila ndani kwa ndani. Tajiri wangu alinifunza hivyo, na gari zake hazikufa."

"Huchukua muda, Bwana Athumani?"

"Zamani haikuwa hata kikombe cha chai. Siku hizi yachelewa. Ilichemka nikaipeka kwa fundi, fundi katoa kidude kimoja, kasema nti yetu ni ya joto, hakina kazi. Tangu siku hiyo yapanda polepole, kama mgonjwa. Na mgonjwa hakimbizwi."

Nilisikia, yakapita. Nilikuwa na tasbihi mkononi, na akili yangu yote ilikuwa Ndau. Mke wake akatoka tena kutuuliza kama tumesahau kitu.

Kutoka Malindi hadi Gongoni

Mshale ulipoinuka kidogo, Bwana Athumani alisema bismillahi na tukatoka. Barabara ilikuwa nyeupe, haina magari. Nikavuta pumzi ya kwanza tangu alfajiri. Nikaanza kupanga kichwani: tukienda hivi tutafika gati la Mokowe kabla ya adhuhuri, boti lipo, Bakari ameshazungumza na nahodha. Nitaingia kwa mlango wa nyuma, nitavua buibui, nitakunja mikono.

Tulipopita nyumba za mwisho akaongeza mwendo, na upepo ukaanza kuingia. Mimi sikuutazama mshale, lakini yeye hakuondoa macho yake pale. Ghafla akapunguza, akaingia kando ya barabara, akasimama, injini ikinguruma.

"Washuka," akasema kwa sauti ya mtu aliyeona homa ikimrudia mtoto. "Umeona? Twaenda, nao washuka. Kuna kitu humu ndani."

Akangoja mshale upande. Gari lilipokuwa limesimama, mshale ulipanda pole pole mpaka pale alipopapenda. Tukaondoka. Tukishika kasi, ukashuka. Tukasimama. Hivyo ndivyo tulivyofika Gongoni, mahali ambapo hata wenye baiskeli hufika.

Tulikuwa tumesimama kwa mara nyingine, mbele kidogo ya madukani, basi la Lamu lilipotupita. Niliziona nyuso za watu madirishani. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto, akatutazama vile mtu anavyotazama gari bovu, kwa huruma kidogo na shukrani kwamba si lake. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa cha mlango. Ningeweza kushuka nikapunga, lingesimama. Lakini ningemwambiaje yule mzee? Kwamba wema wako unanichelewesha, nishushe nipande basi? Nilikaa, nikaondoa mkono kitasani.

"Hao wanakimbia tu," Bwana Athumani akasema. "Mwisho wake utawakuta wamelala ndiani."

Hatukuwakuta.

Kutoka Gongoni hadi Minjila

Sehemu hii sitairefusha, ingawa ndiyo iliyokuwa ndefu. Kichaka kulia, kichaka kushoto, na mshale. Mimi nami nikaanza kuutazama. Nikawa nausomea aya. Nimewahi kumwomba Mungu mambo mengi, mume, afya, wateja, lakini sikuwahi kudhani nitamwomba ainue kijishale cha gari.

Bwana Athumani alijua nimenyamaza kwa sababu gani, na ili kunifariji aliamua kupunguza mwendo zaidi, maana aligundua kwamba tukitambaa mshale haushuki sana. Alifurahi kwa ugunduzi huo. Akawa ananieleza habari za Mkomani alipokuwa kijana, jinsi walivyokwenda maulidi usiku, jinsi alivyomjua marehemu mjomba wangu. Alikuwa anazungumza vizuri, kwa upole. Nilitamani kumfinya.

Minjila ilibidi tutie mafuta, ingawa tulijaza Malindi. Lilikuwa linakunywa, hata yeye alishangaa. Pale hotelini akaona ni adabu kuwaeleza watu kwamba amembeba mfiwa. Nyie mnajua watu wetu. Wakatoka wote. Mwenye hoteli akaja dirishani na kikombe cha chai, akanipa pole, akauliza marehemu alikuwa wa nani, akagundua kwamba shangazi yake aliolewa Kizingitini, ng'ambo ya Ndau, na kwa hiyo sisi ni ndugu. Mzee mmoja aliyekuwa akila akaacha sahani yake, akaja kusoma Fatiha. Ilibidi tuinue mikono. Kisha akaomba dua, nayo ilikuwa dua nzuri na kamili, haikumwacha hata mtu mmoja katika umma. Nikasema amina, amina, huku machozi yakinitoka, nao wakazidi kunionea huruma na kuniletea mkate wa mayai.

Simu ikalia. Bakari.

"Mu wapi?"

Watu walikuwa wamenizunguka, na Bwana Athumani ameinamisha kichwa kusikiliza.

"Minjila," nikasema.

Alitegemea niseme Mokowe. "Haya," akasema. "Mai yachemka. Zainabu ayatazama." Zainabu ni mkewe.

Kutoka Minjila hadi Witu

Njia hii ina vizuizi vya ukaguzi, na kwenye kimoja magari yalikuwa yakiachiliwa kwa makundi. Kundi la mbele lilikuwa limeondoka. Tukapanga foleni nyuma ya gari la maji, Bwana Athumani akaona afadhali, gari litapata nafasi ya kupata moto. Upande wa pili, likielekea Malindi, lilikuwa limesimama lori la ndizi kutoka Mpeketoni. Dereva wake, kijana mnene mwenye taulo shingoni, alikuwa ameshuka anajinyoosha. Akaja karibu kwa sababu alisikia injini ikinguruma kwa nguvu bila gari kwenda popote.

"Mzee, mbona unachoma mafuta bure? Zima, hii foleni itakaa."

Bwana Athumani akamweleza ugonjwa. Akaeleza kwa utaratibu, kuanzia lilipochemka, na kidude kilichotolewa, na mshale unavyoshuka tukikimbia na kupanda tukisimama. Yule kijana alisikiliza huku akila ndizi.

"Hiyo si ugonjwa," akasema. "Walitoa themostati. Hiyo ndiyo hufunga maji yasiende kwa rediata kabla injini ipate moto. Sasa maji yanazunguka tu saa zote, na ukikimbia upepo unayapoza zaidi. Itapataje moto? Lakini inaenda, mzee. Haiwezi kukufia njiani juu ya hiyo. Ungekanyaga tu."

Mimi ni mtu wa jikoni, na nilielewa hapo hapo. Tulikuwa tumeteleka sufuria bila kifuniko, kisha tunaipepea kwa ungo, halafu tunakaa chini kulia kwamba haichemki. Wala haikuhitaji kuchemka. Ungekanyaga tu. Maneno hayo mawili nilikuwa nikiyasikia kichwani mpaka Mokowe, na bado nayasikia nikigeuza mahamri.

Alienda kwenye lori lake akarudi na kipande cha boksi. Akafungua boneti, akalichomeka boksi mbele ya rediata kuikinga na upepo, akaacha nafasi kidogo. "Ukiona inapanda sana, simama utoe. Mama, pole sana. Enda salama."

Bwana Athumani alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Aliporudi kwenye usukani nilimwona uso wake ulivyokuwa, nikatazama nje, kwa sababu sikutaka ajue kwamba nimeelewa yote.

Kutoka Witu hadi Mokowe

Kwa kipande hiki cha njia nilikuwa na matumaini, na ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Mshale ulipanda ukakaa katikati, umetulia. Bwana Athumani alikanyaga. Sikujua kama mzee yule anaweza kukimbiza gari hivyo. Kofia yake ilianguka nyuma na hakuiokota. Akawa anasema, "Twawahi, Bi Rukia, twawahi, Inshallah," na mimi nikafungua kitambaa cha mkewe nikala, kwa mara ya kwanza siku hiyo, mkate wa sinia na kipande cha samaki. Nilikula kwa ajili ya mikono. Kuosha maiti ni kazi, mikono haifai kutetemeka.

Nikawaza, tumnunulie mama mawaridi makavu na kafuri? La, hivyo vilikuwepo Ndau. Nawaeleza tu kwamba niliwaza hata hayo, nikiwa na nafasi ya kuwaza vitu vidogo, kama mtu ambaye atafika.

Kutoka Mokowe hadi Ndau

Nahodha alikuwa Bwana Kombo, mtu wa Ndau, rafiki wa Bakari. Alikuwa amekaa juu ya ngazi za gati akitazama chini, na nilijua kabla hajasema. Mawe ya gati yalikuwa yameonekana mpaka miguuni.

"Mai metoka," akasema. "Mkanda ushakauka."

Kwa ambaye hajui: Mkanda ni ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, katikati ya mikoko. Maji yakijaa boti linapita humo moja kwa moja kuelekea visiwa vya kaskazini. Yakitoka, inabaki tope, na njia nyingine ni kuzunguka Manda kwa nje, kwenye bahari kubwa.

"Na nje?" nikauliza.

"Nje yeo haipitiki kwa chombo hiki." Kisha akaongeza, wala hakuwa na nia mbaya, "Watu wa basi niliwapeka Faza mapema, mai yamejaa. Nikarudi kukungoja wewe."

Bwana Athumani alikuwa nyuma yangu na kitambaa cha chakula mkononi. Alikuwa amefunga gari na kusema hawezi kuniacha, mwanamke peke yangu, atanifikisha mlangoni kama alivyoahidi. Akasikia.

Nikasema tujaribu. Bwana Kombo akanitazama, akasema haya. Tukaingia Mkanda na injini ya nyuma imeinuliwa nusu, tukisukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, maji yakizidi kupungua, mizizi ya mikoko imetoka yote nje. Tukakwama. Tukashuka sote. Tope lilikuwa baridi, lilinifika magotini, buibui langu likawa zito likanivuta chini. Bwana Athumani alikikunja kikoi chake akaweka bega kwenye ubavu wa boti. Mzee wa umri ule. Alikuwa anasukuma na kusema peke yake kwa sauti ndogo, "Kidude. Kidude kimoja." Tulilisukuma boti kama watu wanaosukuma nyumba, likaenda kidogo, likakaa. Likaenda kidogo. Simu yangu ilikuwa imelowa, na hata kama isingelowa, humo hamna mtandao.

Jua lilikuwa limepinda sana tulipopata maji ya kina upande wa pili, na Bwana Kombo akashusha injini, tukaelekea Ndau.

Ndau

Nililiona jeneza kabla boti halijagusa mchanga. Lilikuwa likija kwa njia ya pwani, inayopita karibu na nyumba yetu, na moyo wangu uliruka kwa furaha. Nasema furaha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikadhani ndiyo kwanza wanamtoa. Nikaruka majini, nikakimbia, nikiwa na nia ya kuwaambia walirudishe ndani, nami nilikuwa tayari kugombana na sheikh na kijiji kizima.

Kisha nikaona limebebwa na watu wawili. Jeneza lenye mtu hulibeba watu wengi wakipokezana, kila mmoja anataka kuweka bega. Lile lilikuwa limeshikwa na wawili tu, chini, usawa wa mapaja, na kitambaa cha kulifunika kimekunjwa juu yake. Walikuwa wakilirudisha msikitini.

Nyuma yao alikuja Bakari, mikono yake ina mchanga.

"Tulikungoja, dada," akasema. "Sala ya alasiri ikatoka, tukamweka mwangoni, tukangoja tena. Watu wakasema si haki yake kumweka hivyo. Simu yako haikuingia."

Sikulia. Aliyelia ni Bwana Athumani. Alikuwa amefika nyuma yangu, tope limemkauka miguuni, akakaa chini pale pale pwani akalia mbele za watu, akisema ni yeye, ni yeye aliyenikosesha. Ikawa mimi niliyefiwa ndiye ninayeinama kumpa pole. Nikamwambia ni Mungu aliyepanga. Nikamwambia bila yeye ningefika kesho. Ulikuwa uongo, sote tulijua, lakini niliusema mpaka akasimama. Bakari akampeleka akaoge.

Nyumbani wanawake walinipokea kwa vilio, wakanishika, wakaniachia. Zainabu alinichukua mkono akanipitisha nyuma, kwenye kiwanja cha kupikia. Aliniambia waliomwosha mama ni yeye na jirani, na kwamba kila alipomimina maji alijua mkono ulitakiwa uwe wangu.

"Kwa maji ya moto?" nikamwuliza.

"Ya moto. Kutwa nimeyatia kuni. Yakipungua, naongeza." Akanionyesha sufuria kubwa, ile ya mchele wa harusi, juu ya mafiga. Moto ulikuwa umebaki makaa. "Haya ndiyo yaliyosalia. Sikuyamwaga. Nimeyafinika."

Akaenda ndani kwa wageni, akaniacha.

Nikakaa chini kwenye kibao cha mbuzi ambacho mama alikuwa akikunia nazi. Nikaondoa kifuniko. Mvuke mdogo ukatoka, una harufu ya majani ya mkunazi waliyoyatia. Nikakunja mkono wa nguo yangu mpaka juu ya kiwiko, kama alivyonifundisha, nikautia ndani. Maji yalikuwa ya moto bado. Nikauacha humo mpaka yakapoa.